Maziwa ya Savsan

Kwa miaka thelathini na moja Savsan hakumpa mumewe mkate kwa mkono wake. Kupika alipika. Alikanda unga, akaubandika kwenye ukuta wa tanuri, akautoa umeiva, mwekundu kwa chini. Halafu akauweka ukingoni mwa kitambaa cha chakula kama mtu anayemwekea mbwa wa jirani, akageuka. Anayetaka achukue. Kijiji kizima cha Khandud kilijua. Wageni walielezwa kabla hawajavua viatu.

Kule Wakhan, kwenye bonde lile la milimani, mkate hauwekwi, unapokezwa. Mke anautoa kwa mikono miwili, mume anaupokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo unajua nyumba hii ina mke na mume. Nyumba ya Akilbek haikuwa na mume. Ilikuwa na mwanaume mmoja anayekula pale, na juu ya kichwa chake, kwenye nguzo, ilining'inia bunduki. Yeye alijua kwa nini, na bunduki ilijua.

Savsan hakuwa mzuri. Tusidanganyane. Uso wake ulikuwa mpana kama ubao wa kukandia, na ulimi wake uliwahi kumtoa machozi mwuza chumvi, mtu mzima mwenye ndevu. Lakini maziwa alikuwa nayo. Alipozaa binti, wakamwita Gulmo, yalimwagika mpaka akawa anafunga kifua kwa vitambaa vya sufu, na bado mbele ya gauni kulikuwa kumelowa. Majirani walicheka. Baadaye walitamani wasingecheka.

Siku hizo Wakhan ilikuwa na mtawala wake mwenyewe, Mir. Wafalme wawili wakubwa, Mrusi wa kaskazini na Mwingereza wa kusini, walikuwa wameuvuta ule ukanda wa nchi huku na huku kama wanawake wawili wanaogombania blanketi la marehemu. Wakamwambia Amiri wa Kabul auchukue yeye, ukae katikati yao wasigusane. Amiri akasema mawe anayo na baridi anayo, haongezi. Basi wakamgeukia Mir: kaa wewe. Kaa hapo hapo, usimpende huyu wala yule. Kila mfalme ataweka mtu wake mmoja kwenye ngome ya Kala Panja, na walinzi kumi, na bendera moja. Wazee walizipima fimbo za zile bendera kwa kamba, zikatoka sawa. Jeshi marufuku. Na kwa kuwa Mir wa zamani alikuwa na tabia ya kuozesha binti kila anapoogopa, wakaandika kwenye mkataba kwamba hakuna Mrusi wala Mwingereza atakayefanya udugu na nyumba ya Mir, udugu wa namna yoyote. Akifanya mmoja, mwenzake yuko huru kuleta askari.

Wale waliandika udugu huku wanafikiria harusi. Wakhan waliposomewa, kila mama aliyekuwepo alifikiria kitu kingine. Lakini hakuna aliyewauliza akina mama, na wao wakafumba midomo.

Kwa sababu mtoto wa Mir hanyonyi kwa mama yake. Tangu zamani ananyonya kwa mke wa mkulima, makusudi, ili watoto wa mkulima wawe ndugu zake. Hawaoi kwake, haoi kwao, hawainuliani kisu, na siku akifukuzwa kwenye kiti cha utawala, nyumba ile ndiyo itakayomficha. Kule maziwa ni damu nyeupe tu. Wala hakuna cha kunyonya mwaka mzima. Fundo moja likipita kooni, yamekwisha.

Mke mdogo wa Mir alipojifungua mwana, Jahangir, ndiye wa kurithi, bibi mmoja wa ngomeni akazunguka vijijini kupima maziwa. Alifika kwa Savsan, akakamua tone kwenye ukucha wake wa gumba, akauinamisha ukucha. Tone halikutiririka. Akauinamisha tena. Likakaa kama lulu.

"Huyu," akasema.

Akilbek alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili kwa furaha. Alikuwa mwindaji wa mbuzi wa mlimani, na bunduki yake ilikuwa ile ya kuwashwa kwa utambi, ya babu yake. Mpaka utambi ushike moto, mbuzi ameshazaa wajukuu.

"Tumetoka, mke wangu!" akasema. "Shamba la mfereji wa juu wanatupa sisi!"

"Sisi? Wewe una titi?"

"Mwache," akasema Zarifmo, mama yake Akilbek, ambaye alikuwa anamenya maharage karibu na meko. "Mwache afurahi, mwanangu. Huyu hajapata kitu tangu azaliwe, hata sura hakupata."

Lakini kwenda ngomeni kulikuwa na sharti lake. Mnyonyeshaji wa mrithi titi lake ni la mmoja. Gulmo, miezi miwili, ilibidi abaki kwa bibi yake na kunyonya maziwa ya mbuzi kwa kitambaa.

"Umpe ya yule mbuzi mwekundu," Savsan akasema mlangoni. "Yule wa madoa maziwa yake yananuka."

"Nimelea sita, we."

"Na uyachemshe."

"Nenda, mwanamke! Mbuzi atakusikia, atakasirika."

Akaenda. Hakulia njiani, kwa vile waliomsindikiza walikuwa wanaume, na Savsan hakupenda kuwapa wanaume cha kusimulia.

Ngomeni alikula siagi na mchuzi wa kondoo, huku nyumbani kwake wanakula uji wa unga wa maharage. Jahangir alinenepa. Mchana, wake wa Mir wakilala, Savsan alikuwa na kawaida ya kwenda kukaa peke yake kwenye chumba cha unga, maana katikati ya wanawake wale hata ukipiga chafya kunakaliwa kikao.

Katika mwezi wa baridi kali, mke wa mtu wa Mrusi akajifungua. Kapteni Lukin aliitwa yule mume, mtu mnene, mcheshi, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mkewe, Varvara, alikuwa mwembamba, na homa ya uzazi ilimpata siku ya tatu. Maziwa yakakauka. Ya mbuzi mtoto alitapika. Maziwa ya mikebe yalikuwa yamekwama ng'ambo ya mlima, na njia ilikuwa imezikwa na theluji mpaka masika. Ukuta wa nyumba ya Mrusi na ukuta wa wake wa Mir ulikuwa mmoja, kwa hiyo ngome nzima ilimsikia yule mtoto akilia. Wake wa Mir wakaziba masikio kwa mito. Savsan akiziba masikio, kifua kinajibu. Mtoto analia kule, gauni linalowa huku. Mwili hausomi mikataba.

Siku ya tano ukuta ukanyamaza. Saa sita mchana mlango wa chumba cha unga ukasukumwa, akaingia Varvara, amejifunika joho la ngozi ya kondoo, anatembea kwa kushika magunia.

"Dada," akasema. Maneno ya kienyeji alikuwa nayo kama matano. "Dada. Mtoto. Kufa."

"Nenda, mama," Savsan akamwambia. "Nenda kwa mumeo. Hili titi lina mwenyewe."

Varvara hakuelewa, au alielewa. Akafungua joho. Mtoto alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama, na uso wa mzee aliyekwishaaga watu. Hakuwa analia. Angekuwa analia, Savsan angemfukuza mama yake. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Huyu alikuwa anafungua mdomo tu na kuufumba, bila sauti.

Savsan akatazama mlango. Akafikiria shamba la mfereji wa juu, na Mir, na zile fimbo mbili za bendera. Akamfikiria na Gulmo na kitambaa chake kinywani.

"Lete," akasema. "Lete huku, na usiniangalie."

Fundo la kwanza lilipopita, alilisikia. Akajua limekwisha kuwa. "Haya," akamwambia yule mtoto, anayekunywa mpaka anapaliwa. "Sasa una kaka, mwana wa Mir. Na una dada, ananyonya mbuzi. Ukoo gani huu umeuingia, mwanangu?"

Mitya lilikuwa jina lake. Alimnyonyesha siku kumi na mbili, mchana, kati ya magunia.

Siku ya kumi na mbili Zarifmo alimleta Gulmo amwone mama yake. Alimtafuta mkwewe huku na huku, akasukuma mlango wa chumba cha unga, akasimama.

"Ya Mola! Wawili?"

"Funga mlango, mama."

"Unajua unafanya nini, we mtoto?"

"Namlisha mtoto."

"Huyo si mtoto. Huyo ni vita!"

"Basi mpe wewe. Una maziwa?"

"Yangu aliyamaliza mumeo," Zarifmo akasema akikaa juu ya gunia, "na ona nilivyofaidika."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho. Savsan akanyoosha mikono amchukue Gulmo, na Gulmo akageuza uso, akajificha shingoni mwa bibi yake, akaanza kupiga kelele kama ameshikwa na mgeni. Alinuka maziwa ya mbuzi. Ya yule wa madoa.

Zarifmo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu. Jioni wakila alimweleza mwanawe, kwa sababu jambo kubwa vile kukaa nalo peke yake lilimwumiza tumbo. Akamwambia, usimwambie mtu. Akilbek akasema, nimwambie nani?

Kesho yake asubuhi akapanda punda, akaenda Kala Panja, upande wa pili wa ngome.

Mtu wa Mwingereza aliitwa Meja Hallam. Mrefu, mkavu, hanywi, hacheki, na alikuwa amekaa Wakhan miaka sita akiandika kila kitu kwenye daftari: watu wanakula nini, wanazikaje, nani hasemi na nani. Alikijua kienyeji kuliko vijana wa kule. Na kuhusu maziwa alikuwa ameshaandika ukurasa mzima, anasubiri tu siku ya kuutumia. Akilbek alimletea siku yenyewe.

Meja alikwenda kwa Mir siku ile ile, akaketi, akanywa chai ya chumvi mpaka kikombe cha tatu kama mtu mwenye adabu, ndipo akasema: "Mrithi wako ni ndugu wa Mrusi. Mkataba umevunjika. Theluji ikiyeyuka, watu wangu wataingia."

Jioni Mir alimwita Savsan. Alikuwa mtu wa makamo, mgonjwa wa meno, ambaye hakuwahi kulala vizuri tangu wampe ile kazi ya kukaa katikati.

"Binti yangu," akasema, "keshokutwa utaapa mbele ya watu. Juu ya mkate."

"Niape nini, Bwana Mkubwa?"

"Kwamba yule mtoto hajanyonya kwako."

"Amenyonya siku kumi na mbili."

"Najua! Ngome nzima inajua. Kuku wanajua." Akashika shavu. "Lakini kwa sheria yetu, mnyonyeshaji akiapa juu ya mkate, hakuna wa kumpinga. Na Mwingereza ameshawaandikia wakubwa wake kwamba sheria yetu ndiyo itakayoamua. Amejifunga mwenyewe. Ukiapa, atanyamaza. Usipoapa, atashusha jeshi kutoka kusini, Mrusi akiliona atashusha lake kutoka kaskazini. Watakutana wapi? Kwenye maharage yako."

Savsan akakaza kitambaa cha kifuani.

"Ukiapa," Mir akaendelea, "shamba linabaki lako. Na binti yako nitamleta hapa, ukae naye. Nimeambiwa anakukataa."

"Na yule mtoto?"

Mir akatazama moto. Wote wawili walijua kinachosemwa kule: mtoto aliyekanwa maziwa hamalizi mwaka. Maziwa yakikanwa yanamgeukia tumboni.

"Ni wa Kirusi," Mir akasema. "Wao hawaamini mambo haya."

"Titi ni langu, Bwana Mkubwa. Naamini mimi."

"Basi amini, na uape," akasema Mir, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nina vijiji ishirini na nane, binti yangu. Una mtoto mmoja ambaye si wako."

Keshokutwa yake wakakutana kwenye nyumba kubwa, ile yenye nguzo tano na tundu la moshi juu. Wazee walikaa juu kwenye mazulia, Meja upande wa kulia na daftari lake, Kapteni Lukin upande wa kushoto. Varvara alikaa nyuma ya mumewe, amempakata Mitya, ambaye siku mbili hizo alikuwa amerudia kitambaa na alikuwa ameanza tena kukonda. Wake wa Mir walikuwa nyuma ya pazia.

Kapteni alipoelezwa shauri lenyewe alipiga goti lake kwa kicheko. "Undugu wa maziwa! Basi mimi ni ndugu wa ng'ombe wote wa kwetu Tambov!"

Wazee hawakucheka. Meja hakucheka. Mzee Niyozbek, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa na masikio mazito na hekima nyingi ya zamani, akainua mkono.

"Hili ni jepesi," akasema kwa sauti ya juu. "Tulifanya hivi enzi za babu yangu, na watu wa Chitral. Mizani imelalia upande mmoja, si ndiyo? Basi tuilaze upande wa pili. Bwana Meja naye aje anyonye. Fundo moja tu. Atakuwa ndugu wa mrithi kama mwenzake, na mambo yatakuwa sawa."

Masharubu ya Meja yalitikisika. Akawa mwekundu kuanzia kola mpaka utosini, na nyuma ya pazia mtu akaangusha birika.

"Hapana," akasema Meja.

"Mwambieni ang'oe meno kwanza," Savsan akasema kutoka alikokaa.

Hapo nyumba nzima ilicheka, hata Mir na jino lake. Na wakicheka hivyo Savsan aliinua macho, na ndipo alipomwona Akilbek. Alikuwa amesimama mlangoni na watu wa Meja, shahidi. Begani alikuwa na bunduki mpya, ile ya kuingiza risasi kwa nyuma, inayong'aa kama samaki. Mpaka dakika ile Savsan hakujua ni nani aliyesema. Alidhani ni watumishi wa ngome.

"Nzuri," akamwambia. "Umeipata wapi?"

"Nimepewa," akasema Akilbek.

"Kwa lipi?"

"Kwa urafiki tu."

"Haya. Iangalie vizuri, Akilbek. Ndiyo uliyooa."

Khalifa, kiongozi wao wa dini, akaleta mkate kwenye kitambaa cheupe, akauweka mbele ya Savsan. Savsan alikuwa amejifunika shali nzito ya sufu mpaka magotini. Akaweka mkono wa kulia juu ya mkate. Ulikuwa bado wa moto. Khalifa akamtajia maneno, naye akawa anayarudia nyuma yake.

"Kwa mkate huu," akasema, "na kwa meko ya nyumba yangu, na kwa mtoto niliyemzaa, mimi Savsan nasema kwamba mtoto wa Mrusi..."

Mitya aliisikia sauti. Alikuwa amelala, akafungua macho, akageuza kichwa kuitafuta, masikio yale yamesimama, akalia. Na chini ya shali maziwa yakashuka. Yalishuka yote kwa pamoja, ya moto, yakateremka tumboni, yakafika kwenye mkanda. Hakuna aliyeona. Shali ilikuwa nene. Angemaliza maneno matatu yaliyobaki, akabusu mkate, akarudi ndani akabadilishe gauni, na leo tusingekuwa na la kusema.

Mir alikuwa anamtazama kama mtu anayezama.

Savsan akauondoa mkono kwenye mkate. Akaivua shali, akaiacha ianguke.

"Angalieni wenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa nasema, lakini hili titi linakataa. Amenyonya. Siku kumi na mbili, na angeendelea. Simwui mtoto kwa mdomo wangu ili ninyi mpate usingizi."

Nyuma ya pazia mwanamke akaanza kulia, mama yake Jahangir, ambaye alielewa haraka kuliko wanaume. Kapteni Lukin alikuwa ameacha kucheka. Alilitazama gauni la Savsan, akamtazama mwanawe, akavua kofia, akaishika mkononi, hajui aiweke wapi. Meja akaandika mstari mmoja, akafunga daftari. Wala hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Mir alisogeza kuni motoni kwa mkono wake. Halafu akasema, "Mrithi si mrithi tena. Ninaye mwana mwingine, wa mke mkubwa, wa miaka tisa, hana ndugu Mrusi. Huyo atakaa kwenye kiti. Meja, inatosha?"

"Inatosha," akasema Meja. Mke mkubwa kwao kulikuwa kusini, kwa Waingereza, na kwa hofu hiyo mwanawe alirukwa mwanzoni. Bila shaka ilitosha.

"Na Jahangir?" mzee Niyozbek akauliza kwa kelele.

Mir akamnyooshea Savsan kidole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Savsan zaidi. "Mchukue," akasema. "Wewe ndiye uliyemfanya vile alivyo. Mlee awe mkulima."

Hivyo ndivyo nchi ilivyopata amani yake mwaka ule, kwa mtoto wa miezi saba kufungwa mgongoni mwa mwanamke na kupelekwa Khandud kwa punda. Shamba la mfereji wa juu likarudishwa. Watu waliopona vita hawakumshukuru Savsan. Walimlaumu kwa kuileta karibu, na wengine walimtemea mate njiani. Mama yake Jahangir alituma nguo za mtoto kila mwaka, za hariri, zisizofaa kuchungia kondoo, mpaka alipokufa.

Savsan alifika nyumbani mchana. Alimweka Jahangir chini, akawasha tanuri, akaoka. Akilbek alikuwa ameketi mahali pake, bunduki ameshaipachika kwenye nguzo. Mkate ulipotoka akanyoosha mikono miwili kama kawaida. Savsan akauweka ukingoni mwa kitambaa.

"Mkate," akasema Akilbek.

"Huo hapo."

"Nipe, mke wangu."

"Akupe Mwingereza."

Akilbek alicheka kidogo, akidhani ni ya siku moja. Zarifmo hakucheka. Alilia siku ile na siku nyingine, akasema, "Nilimwambia mwanangu, sikumwambia Mwingereza!" Savsan alimsamehe nusu. Nusu nyingine aliiweka, kwa sababu Gulmo alimwita Zarifmo mama mpaka alipofika miaka saba, na usiku akiumwa alimwita huyo, si mwingine.

Baridi yote iliyobaki Mitya aliletwa Khandud kunyonya, maana hakukuwa tena na cha kuficha. Masika, njia zilipofunguka, Kapteni Lukin aliitwa kwao kwa aibu. Varvara alipita Khandud, akashuka kwenye farasi, akachukua mkono mdogo wa Mitya na kuuweka juu ya mkono wa Savsan, akaibusu yote miwili pamoja, kama wanavyosalimiana watu wa kule. Alikuwa ameshajifunza. Savsan akamnyonyesha mtoto mara ya mwisho, pale pale barabarani, mbele ya kila mtu. Kisha wakaondoka kwenda kaskazini.

Hakupata habari tena. Kila msafara uliotoka kaskazini ukipita, Savsan alitoka na maziwa ya mtindi, akauliza: kuna Mrusi kijana, Mitya, mwenye masikio yaliyosimama? Mmoja akasema ni afisa huko Osh. Mwingine akasema ni padri. Mwingine akasema alikufa na homa akiwa na miaka minne. Walikuwa wanakunywa mtindi wake na kusema lolote. Yeye alikuwa anasikiliza yote na kurudi ndani amekunja uso, na usiku ule hakuna wa kumsemesha.

Mir mpya alipokua, walinzi kumi wa Mwingereza wakawa thelathini, na fimbo ya bendera ikaongezwa mkono mmoja. Mrusi naye akaongeza yake. Hakuna aliyepima tena kwa kamba. Kila masika watu wa Khandud walitazama milima ya kusini, kisha ya kaskazini, kabla ya kupanda maharage. Savsan alimwambia Jahangir, "Hata ningeapa, wangekuja tu. Nataka ulijue hilo." Jahangir, mtu mpole, mwenye mikono ya udongo, akasema, "Sawa, mama." Hakuwahi kusema kama anaamini.

Akilbek aliua mbuzi wengi wa mlimani kwa bunduki ile. Savsan aliwapika. Hakuonja hata mchuzi, na miaka ya njaa ilikuwepo.

Mwaka wa thelathini na moja kifua kikamkamata Akilbek, akalala karibu na meko, amebaki mifupa na ndevu. Zarifmo alikuwa ameshafariki. Gulmo alikuja kutoka kwa mumewe, Jahangir alikuja kutoka shamba. Asubuhi moja Savsan alioka, na harufu ilipojaa nyumba Akilbek akafungua macho. Akatoa mikono yake miwili chini ya blanketi. Akaishikilia juu.

"Savsan," akasema. "Kwa mkono wako. Leo tu."

"Mama," akasema Gulmo, "anakufa."

"Najua anakufa. Nina macho."

"Mama, nakuomba," akasema Jahangir, naye hakuwa mtu wa kuomba.

Savsan akachukua mkate. Akamega kipande, akakichovya kwenye chai ya maziwa kiwe laini, maana meno yule alikuwa hana. Akasimama nacho. Alimtazama Akilbek, akaitazama ile mikono, akaitazama bunduki kwenye nguzo, ambayo mumewe aliipaka mafuta kila Ijumaa kwa miaka yote ile na hakuwahi, hata siku moja, kutaka kuirudisha kwa aliyempa.

Akampa Gulmo kile kipande. "Mpe baba yako," akasema.

Gulmo alikipeleka kwenye midomo ya baba yake. Akilbek alifumba mdomo. Hakuondoa macho kwa Savsan, na mikono aliiacha wazi mpaka ikaanguka yenyewe. Alisubiri hivyo hadi jua likahama kutoka nguzo ya kwanza hadi ya tatu, na hapo hakuwa anasubiri tena.

Gulmo alikuwa bado amekishika kile kipande, kimepoa, hajui afanye nacho nini. Mkate kule hautupwi. Savsan akakichukua kutoka mkononi mwake, akakila mwenyewe, amesimama, mpaka kikaisha. Kisha akamwambia Jahangir akachimbe kaburi kabla ardhi haijaganda.